Dole Gumba la Mwalimu Anwari

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Chiwata. Joto. Mkuu wa shule, Madam Paulina, ametangaza paredini asubuhi: Ijumaa Afisa Elimu anakuja kutoka Masasi kuchagua klabu itakayotuwakilisha kwenye maonyesho ya sayansi Newala. Klabu moja tu! Walimu wote wakamgeukia Nikolao wa kemia, na klabu yake ya sabuni. Hakuna aliyenigeukia mimi wa bayolojia. Klabu yangu ya minyoo ilivunjika minyoo ilipokauka.

Lazima niende Newala. Wakwe zangu wako huko. Kila Idd baba mkwe huniuliza kama bado nafundisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama homa imeshuka. Mchana nimempigia simu kumwambia nakuja na klabu yangu. Jioni ndipo nimeanza kutafuta klabu.

Nimeipata! Uchunguzi wa jinai. Alama za vidole. Sabuni itaonekana kitu cha kunawia tu.

Jumanne, 8 Oktoba

Somo la kwanza kwa Kidato cha Tatu. Sijawahi kusikilizwa namna ile. Nimewaeleza kwamba hakuna watu wawili wenye mistari sawa ya vidole, hata mapacha. Kuna mistari ya kitanzi, ya mzunguko na ya upinde. Wakaanza kutazamana vidole kama watu waliokutana leo.

Wino tumetumia wa muhuri. Wanafunzi wote wamepigwa alama kwenye kadi, na walimu pia. Nikolao alitoa vidole vyake huku akitabasamu. Inaudhi. Rukaiya, msichana mwenye jicho kali kuliko wote darasani, amelichora dole gumba langu kwenye karatasi ya manila, kubwa kama sinia, pamoja na kovu la panga linalolikata katikati. Nimelitundika ukutani. Linapendeza.

Yasinta, mpiga kengele wetu, ametoa doa jeusi tupu. Tumerudia, doa tena. Wenzake wakacheka. Akasema kwa sauti ya chini kuwa nyumbani hubangua korosho na bibi yake, na mafuta ya maganda yamemla ngozi ya vidole. Nikawaambia darasa waandike: si kila kidole huacha mistari. Mfano mzuri sana. Yeye hakuandika. Alikuwa ameficha mikono chini ya dawati.

Masizi ya kupaka kwenye alama nimeyakwangua kwenye masufuria ya nyumbani. Mke wangu amekuta masufuria yanang'aa, akaniombea dua. Sikumsahihisha.

Jumatano, 9 Oktoba

Tatizo. Klabu ipo, uhalifu haupo. Tangu muhula uanze, kosa kubwa hapa ni la mbuzi aliyeingia kwenye maharage ya shule, naye alikamatwa akiwa bado anatafuna. Siwezi kumwonyesha Afisa Elimu wachunguzi wasio na cha kuchunguza.

Basi nimeutengeneza uhalifu. Na kwa kuwa uhalifu unahitaji mhalifu, nimemteua Nikolao.

Kitu chenyewe ni kengele ya Mkuu. Ya mkono, ya shaba, anaipenda kuliko baadhi yetu. Baada ya masomo nimeichukua dirishani pa ofisi na kumpelekea Nikolao, eti anitazamie kama ina ufa. Ameishika kwa mikono yote miwili! Kisha, kwa kuwa hawezi kurudisha kitu chenye vumbi, akaisugua na kitambaa chake cha sabuni mpaka ikameremeta, akanipa ikiwa juu ya kitambaa. Mtu wa kujionyesha. Nikaikumbatia hadi stoo yake ya kemia, nikaificha nyuma ya ndoo zake za sabuni. Alama zake zimo tele.

Ijumaa wanafunzi wangu wataipata, wataipaka masizi, watamtaja. Kisha nitasema lilikuwa zoezi tu, tutacheka wote. Nikolao atacheka kidogo kuliko sisi, kwa aibu.

Nimelala vizuri.

Alhamisi, 10 Oktoba

Shule isiyo na kengele ni kitu cha ajabu. Kipindi cha jiografia kilianza asubuhi na kilikuwa hakijaisha wanafunzi walipoanza kusinzia. Kidato cha Kwanza walikwenda kula mara mbili.

Nikolao aliniuliza kama jana si mimi niliyekuwa na kengele. Nikamwambia niliirudisha dirishani. Akasema sawa, akaenda zake. Mtu anayeamini upesi hivyo hafai kwa sayansi.

Jambo moja halikwenda nilivyopanga. Mkuu hakuwaza mwizi wa nje wala mwalimu. Alimwita Yasinta, kwa kuwa kengele iko mikononi mwake. Yasinta akasema aliiacha dirishani. Mkuu akasema haijaota miguu. Asipoileta, Jumatatu asifike shuleni, na nafasi ya kengele apewe mwingine.

Bibi yake akaitwa kutoka kijijini. Alifika na kanga ya shambani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alisimama mbele ya meza ya Mkuu akisema mjukuu wake hajawahi kuchukua hata korosho iliyoanguka upande wa jirani. Mkuu akasema hata yeye inamuuma.

Nilikuwa mlangoni. Nilitaka kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Kisha akilini nikamwona baba mkwe amekaa mstari wa mbele kule Newala. Ni usiku mmoja tu, nikajiambia, kesho mtoto atakuwa huru na mimi nitakuwa na klabu. Nikaufunga mdomo.

Jioni mke wangu aliuliza mbona sili. Nikala.

Ijumaa, 11 Oktoba

Afisa Elimu alifika akiwa na shajara ya ngozi na kiu. Nikolao akaonyesha sabuni. Ilitoa povu. Watu wakapiga makofi, kama vile hawajawahi kuona povu.

Zamu yangu. Nikatangaza kwamba shule imekumbwa na wizi wa kweli, na wachunguzi wangu wataufumbua mbele ya mgeni. Mkuu akanyoosha shingo. Nikawaambia waanze kutafuta popote, kwa mfano stoo ya kemia, kwa mfano nyuma ya ndoo. Wakaipata upesi mno.

Rukaiya akapaka masizi kwa brashi yangu ya kunyolea, akapuliza. Alama zikatokea wazi juu ya shaba. Kazi nzuri, hata mimi nilisisimka. Nikamwambia alinganishe na kadi ya Mwalimu Nikolao. Akalinganisha. Akainua kichwa.

“Mwalimu, samahani. Hizi si za Mwalimu Nikolao.”

“Tazama tena.”

“Nimetazama, Mwalimu. Hapa kuna kovu.”

Hakugusa kadi nyingine. Alitazama ukutani, kwenye manila. Darasa zima likatazama ukutani. Afisa Elimu akatazama ukutani, kisha mkono wangu. Nikauingiza mfukoni, jambo ambalo sasa naona halikusaidia.

Ndipo nikakikumbuka kile kitambaa cha sabuni. Alikuwa ameifuta kengele, yule!

Yasinta akasimama. Akaomba apigwe alama mbele ya wote. Hakuna aliyecheka safari hii. Doa jeusi. Akasema, “Mwalimu alitufundisha si kila kidole huacha mistari. Kwenye kengele ipo mistari tu. Na inang'aa, mtu ameisafisha. Basi tangu isafishwe, mimi sijaishika.” Mikono hakuificha.

Nikaeleza kwamba lilikuwa zoezi. Afisa Elimu akauliza kama kumwita bibi yake Yasinta pia lilikuwa zoezi. Nikaanza kuikung'uta brashi yangu.

Uamuzi wake: hajapata kuona wanafunzi waliofundishwa vizuri hivi. Klabu yangu inakwenda Newala! Itaongozwa na Mwalimu Nikolao.

Mkuu amemwomba Yasinta radhi mbele ya shule nzima. Kisha akaniambia mimi niende kwao kuomba yangu kwa miguu yangu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda. Bibi alikuwa uani akibangua korosho, Yasinta akipepeta. Nikaamkia. Akanitazama safari hii.

“Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye mwizi?”

Nikamwambia sikuiba, niliwafanyisha watoto mazoezi. Akasema hata mwizi wa kuku akikamatwa husema alikuwa akimfundisha kuku kutembea usiku. Yasinta akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Basi nikasema samahani, nimekosa. Neno fupi, lakini lilinitoka kwa shida kama mfupa wa samaki. Bibi akasema limesikika, akanipa mabibo ya mkorosho wao nile. Yalikuwa matamu. Yasinta akaniaga vizuri, kwa heshima zote. Afadhali angenitukana.

Baba mkwe amepiga simu. Amesikia klabu inakuja na anauliza nitafikia wapi. Nimesema mtandao unasumbua.

Jumapili, 13 Oktoba

Siku ya mapumziko. Nimetafakari kwa kina yote yaliyotokea, bila kujionea huruma, kama mwanasayansi. Kosa nimeliona. Lilikuwa vidole.

Vidole ni vya watoto. Wapelelezi wakubwa wanatazama nyayo. Bustani ya Mkuu imemwagiliwa maji leo, udongo laini kabisa, na mtu akikanyaga mchicha wake asubuhi atajulikana kwa kiatu chake. Nikolao huanika viatu vyake dirishani kila Jumapili. Nimepita kuvijaribu. Vinanibana kidogo, lakini kwa hatua chache nitavumilia.