Mama wa Kuazima

Jumamosi, 6 Septemba

Nimerudi kutoka Ruiru na miguu imevimba. Wiki nzima nimebeba marobota ya nguo kwenye godauni la Dhanji. Leo ilikuwa siku ya kupumzika. Badala yake nimekaa kwenye kiti cha plastiki kwa saa sita nzima nikifundishwa biashara. Bure, pamoja na soda.

Mwalimu anaitwa Ikhlas. Alisema mteja husahau bei lakini hasahau hadithi. Ati mtu hanunui kazi yako, ananunua maisha yako. Kama yupo anayetaka kununua maisha yangu, nitamwachia kwa bei ya kutupa.

Biashara yenyewe ni kuosha makochi nyumbani kwa watu, Jumamosi na Jumapili. Tuko wawili, mimi na Nzioka. Tunabeba marobota pamoja na tunaishi chumba kimoja hapa Makongeni. Tuna brashi mbili, ndoo, na mashine ya kunyonya maji inayokohoa kama mzee. Kitonga, anayefanya kazi kama yetu, ana mashine mpya na jaketi lenye jina lake mgongoni. Mwezi uliopita alituchukulia wateja watatu.

Ikhlas alitupa karatasi tuandike maisha yetu. Wenzangu waliandika mpaka wakageuza ukurasa. Mimi niliandika mistari minne: Naitwa Yahya. Natoka Mumias. Niliacha shule darasa la saba. Naosha makochi. Akaniuliza kwa nini niliacha shule. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Ilikuwa ni uvivu.

Jumapili, 7 Septemba

Jaribio la kwanza. Mteja ni mwalimu mstaafu, nyuma ya soko. Ikhlas alisema tuanze na ukweli, basi nikaanza nao. Nilimweleza kwamba baba aliuza ndama ili nisome, na mimi nikawa nalala kwenye shamba la miwa mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Mwalimu akachukua mkoba wake mezani. Kisha akaleta kiti, akaketi mlangoni mpaka nikamaliza kazi. Nilipotoka nilimsikia akihesabu vijiko.

Kazi ya kuosha zulia lake amempa Kitonga.

Jumatatu, 8 Septemba

Wakati wa chakula tulikaa juu ya marobota tukila githeri, mahindi na maharage. Nikamuuliza Nzioka kama ana hadithi. Alimaliza kwanza githeri yake. Kisha akanisimulia bila kunitazama.

Kwao ni Mwingi. Ulikuwa mwaka wa ukame na hapakuwa na pesa ya mtihani wa darasa la nane. Mama yake akamwambia mwalimu mkuu atamfulia vitambaa vya makochi, vile vyeupe vya kushonwa kwa sindano, mpaka deni liishe. Maji hayakuwepo. Akawa anakwenda mtoni, mto mkavu, anachimba mchanga mpaka apate mtungi mmoja. Kabla ya kushika vitambaa alisugua mikono kwa majivu, mara mbili, ili asiache alama. Nzioka akafanya mtihani. Matokeo yalipotoka, mama alikuwa ameshazikwa wiki tatu.

Alisema hajawahi kumwambia mtu. Ameniambia mimi kwa sababu mimi ni ndugu yake.

Nilimwambia pole. Nilimaanisha. Lakini kichwani nilikuwa nimeshaona makochi yale yote ya Ngoingwa, mtaa wa wenye pesa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefanya kitu kibaya na kimenifaa sana.

Nzioka alikuwa zamu ya ziada godauni. Nilikwenda peke yangu Ngoingwa, kwa Mama Lynn. Jina lake ni Beth lakini hakuna anayemwita hivyo. Ndiye mwenyekiti wa wapangaji katika ghorofa lile jipya, nyumba ishirini na nne. Wanatafuta mtu mmoja wa kuwaoshea makochi wote kabla ya Krismasi. Kitonga alishafika kwake mara mbili na jaketi lake.

Nilikusudia kusema kidogo tu. Nikasema yote. Mto mkavu, mchanga, majivu. Kila mahali Nzioka aliposema "mama yake" mimi nilisema "mama yangu". Mama Lynn alimwita Mungu, Ngai, akaketi juu ya kochi lenye povu na hakujali. Alilia mpaka nikaanza kulia mimi pia, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Nilipofika kwenye mazishi simu ikalia. Alikuwa mama yangu, kutoka Mumias, mzima kabisa. Hupiga kila Jumamosi kuuliza kama nakula. Nikaikata. Mama Lynn akauliza ni nani. Nikasema ni mteja.

Kazi ya nyumba ishirini na nne karibu ni yangu. Kwanza nioshe makochi makubwa ya mpangaji wa chini, waone. Nimempigia mama baadaye. Nikamwambia nakula. 

Jumapili, 14 Septemba

Nimerudia hadithi kwa Kulthum, mke wa fundi cherehani hapa Makongeni. Aliniacha nifike mpaka kwenye mchanga. Kisha akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Mumias. Akasema yeye amezaliwa Mumias, sokoni.

"Sasa mto gani huo wa Mumias unaokauka mpaka uchimbwe? Nzoia?"

Nilisema ulikuwa mwaka mbaya. Akasema Mumias mwaka mbaya ni ule ambao mvua inabeba choo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Alinipa chai, akanishauri hadithi hiyo niwauzie watu wasiojua mvua.

Nimeirekebisha. Sasa nililelewa Mwingi na shangazi. Hapana, na mama. Mama alihamia Mwingi. Sababu nitaipata.

Ijumaa, 19 Septemba

Kesho makochi ya mpangaji wa chini. Ni makubwa, siyawezi peke yangu. Lazima Nzioka aje.

Mpango uko tayari. Nzioka nimemwambia Mama Lynn hapendi kuongeleshwa na wafanyakazi. Mama Lynn nimemwambia mwenzangu ana jino bovu, asisumbuliwe. Nzioka atachota maji chini, mimi nitakaa na wenyewe. Naona hakuna tundu.

Jumamosi, 20 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka saa saba. Mama Lynn akashuka na vitambaa vyake vya makochi, vyeupe, vya kushonwa kwa sindano, akauliza kama tunaweza kuviosha kwa mkono. Nzioka alikuwa ameingia na ndoo. Akaviona. Akaweka ndoo chini. Aliomba majivu, na kwa kuwa ghorofani hakuna majivu, akanawa kwa sabuni. Mara mbili. Kisha akavichukua na kuanza kusema polepole, kama mtu anayeongea na vitambaa. Kwamba mwaitu, mama yake, alifua vya namna hii. Kwamba maji aliyachimba mtoni.

Uso wa Mama Lynn ulibadilika.

"Wewe kijana, huna hata aibu? Mwenzako anakupa kazi, na wewe unamwibia mpaka mama yake?"

Nzioka hakuelewa. Akamwangalia yeye, kisha akaniangalia mimi. Hapo akaelewa.

Nilikuwa na brashi mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu, ni mama yake. Nilisema tusiharibu siku, tufanye kazi.

Nzioka akamwambia Mama Lynn, "Pole, mama. Niliisikia kwake." Akainama, akaviosha vile vitambaa kimoja kimoja, akavianika. Vilitoka vyeupe kuliko vilivyoingia.

Njiani alitangulia hatua kumi mbele yangu mpaka Makongeni.

Jumatatu, 22 Septemba

Nzioka amenunua sufuria yake. Anapika upande wake, mimi upande wangu, kwa jiko moja, kwa zamu, bila neno. Godauni ameomba abebe na mtu mwingine. Nilimletea chipsi. Alizisogeza pembeni kwa kidole kimoja, akaendelea na ugali wake.

Nimekutana na Kitonga stejini nikisubiri matatu. Sijui amesikia kwa nani.

"Niaje, yatima."

Nilipanda matatu ya kwanza iliyofika.

Jumatano, 24 Septemba

Mama Lynn amepiga. Jumapili wapangaji wote wanakutana hapo kwenye maegesho waamue ni nani atawaoshea. Kitonga ataongea kuhusu mashine yake. Mimi nije nisimulie kuhusu mama. Na nisithubutu kuja na yule mwizi.

Nzioka alikuwa amekaa kitandani kwake akishona kifungo. Simu yangu ni ya zamani, husikika chumba kizima. Uzi ulikatika, akatafuta mwingine.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemwomba Nzioka msamaha. Nilianza na maelezo kuhusu Ruiru, Ikhlas na wateja. Akasema nisimletee mafunzo. Nikasema basi, nimekukosea. Akasema hilo analijua.

Kisha akasema hataki pesa wala kazi ya Ngoingwa. Yeye ana mama mmoja, na hana hata picha yake. Kilichobaki kwake ni hayo aliyonisimulia juu ya marobota. Sasa kuna nyumba ambako mama yake ni mama yangu, na yeye ni mwizi. Akataka niende nikamwambie Mama Lynn ni mama wa nani.

"Anaitwa Kalekye," akasema. "Umtaje kwa jina."

Nimeshangaa. Sikuwa nimeuliza jina lake.

Jumapili, 28 Septemba

Nimesema.

Wapangaji walikuwa kama thelathini, pamoja na watoto kwenye baiskeli. Kitonga alimaliza kuonyesha mashine yake, wakapiga makofi. Mama Lynn akaniinua, akasema wanisikilize, watalia.

Niliweka ndoo yangu chini. Nikasema mama yule si wangu. Anaitwa Kalekye, na ni mama wa Nzioka, yule mliyemwita mwizi hapa. Mimi mama yangu yuko hai, ana kuku, na hunipigia simu kila Jumamosi. Nzioka alikubali kuitwa mwizi ili mimi nisiaibike. Mwizi ni mimi.

 Mtoto mmoja akaangusha baiskeli. Nikachukua ndoo yangu niondoke.

Mama Lynn akaja, nikajua ni kofi. Alikuwa analia. Alisema Nzioka aje kesho, anataka kumwomba radhi yeye mwenyewe. Mzee mmoja akasema hajawahi kuona mtu akijishtaki bila polisi. Walipiga kura pale pale. Kazi ni yetu wawili. Kitonga alikunja waya wa mashine yake bila kuniangalia.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Nzioka. Akauliza kama nilitaja jina. Nikasema mara mbili. Akanipakulia ugali kutoka sufuria yake. Nilikula nikiangalia sakafu. Nimeapa kwa Mwenyezi Mungu, na hapa naandika: nikiingia kwa mteja mdomo wangu ni wa kusalimia tu.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo nilikuwa Kalimoni peke yangu, kwa mzee Njau, mfugaji wa ng'ombe. Ana makochi saba, na ana ndugu wenye makochi.

Sikutaja mto. Sikumtaja Kalekye. Nilimweleza tu jinsi nilivyowahi kuiba hadithi ya rafiki yangu na kutubu mbele ya watu. Hiyo ni yangu, ilinitokea mimi. Lakini ilikuwa fupi kidogo. Nikaongeza kwamba watu walikuwa mia tatu. Nikaongeza kwamba nilikwenda Mwingi kwa magoti. Njau aliacha chai yake ikapoa.

Kisha akaniuliza huyo Nzioka yuko wapi siku hizi. Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikainamisha kichwa nifikirie.

Njau akavua kofia.

Sikusema amekufa. Ijulikane kwamba sikusema. Yeye ndiye aliyesema pole, akamwita mkewe naye aseme pole, wakanipa makochi ya ndugu zake wote wawili. Ni kazi kubwa, siiwezi peke yangu. Jumamosi lazima Nzioka aje kunisaidia.

Bado sijamwomba aitikie jina la Uthman mbele ya mzee Njau. Ni kwa siku moja tu.