Jemadari Tufani Alala Kifudifudi

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata dawa ya mishale. Jumamosi Jemadari Tufani hafi ng'o.

Tufani ni mimi, katika mchezo wetu wa dadu dukani kwa Mwanafatuma, fundi cherehani wa hapa Ukunda. Kila mchezaji ana shujaa wake wa kubuni. Mwanafatuma anasimulia hatari na kuamua kwa kitabu cha kanuni, dadu la pande ishirini linasema nani kapatwa: namba kubwa inapata, ndogo inakosa. Wiki iliyopita alituacha uani mwa ngome, wapiga mishale wametuzunguka juu ya ukuta. Tufani akifa, ujemadari unakwenda kwa Nassir, mhudumu wa hoteli mwenye mdomo, pamoja na kiti chenye mto. Mto ule umeshashika umbo langu.

Leo nimeazima kitabu. Cha Kiingereza, lakini mimi nimetembeza watalii wa kila taifa, Kiingereza gani kinishinde? Kinasema: ukimpiga mshale mtu aliyelala chini, unarusha dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo. Nikafunga kitabu. Sentensi moja imenitosha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimewaeleza wenzangu dukani. Nassir akauliza jemadari gani analala vitani kama kitoweo sokoni. Nikamwambia sikuumbwa nisimame kama mlingoti. Mwanafatuma, bila kuinua macho kwenye cherehani, akauliza: kaka Sefu, umesoma mpaka mwisho? Nikamjibu nimesoma mpaka nilipoelewa.

Nassir kadai jaribio la kweli kesho. Karibu sana.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala tulikutana shambani kwa Shutu, mkwezi wa minazi. Nikalala kifudifudi mchangani. Nassir akasimama mbali akinirushia vidaka, vile vinazi vichanga vinavyopukutika kabla ya kukua. Hata kimoja hakikunigusa. Kimoja kilimpata mbuzi wa Shutu, asiye na habari na mchezo wetu. Nilicheka mpaka mchanga ukaniingia puani.

Nassir akamnong'oneza Shutu. Shutu akapanda mnazi. Mtoto wa pwani mzima, nimelala chini ya mnazi wenye mtu juu. Shutu anasema kutoka kule nilikuwa mpana kama mkeka wa harusi. Kidaka cha kwanza, makalioni. Cha pili, palepale.

Nassir akasema basi, wapiga mishale nao wako juu ya ukuta, kanuni imekufa. Mwanafatuma akakata shauri: kitabu hakiulizi yuko juu au chini, kinauliza yuko mbali au karibu. Nimeshinda. Naandika haya nimesimama, kukaa hakuwezekani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tufani kalala. Mishale ikamiminika, na kila mara Mwanafatuma akachukua namba ndogo. Wote walinilenga mimi, hivi kwamba shujaa wa Nassir, mchawi aliyekuwa mahututi, akapata nafasi ya kutambaa hadi langoni. Nilimhimiza aende. Adui ni adui, lakini Nassir ni wetu.

Kisha akida wao akatua upinde, akachomoa upanga, akashuka ngazi taratibu. Mwanafatuma akaniuliza kwa adabu kama Tufani angependa kuinuka. Nikasema jemadari hamwinukii mtu mmoja. Akauliza tena. Hata Nassir akasema, inuka bwana, nakusihi. Nikajua ni wivu.

Kumbe anayempiga aliyelala kutoka karibu hurusha mara mbili na kuchukua namba kubwa. Imeandikwa mstari unaofuata. Dadu likatoa ishirini, na juu ya ishirini hakuna namba.

Nimeukung'uta mto nikamkabidhi Nassir kwa mikono miwili. Akasema bila mimi mchawi wake angekuwa maiti, akaninunulia mahamri. Yaliniuma kuliko vidaka. Nimeyala yote.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeazima kitabu tena. Shujaa wangu mpya anaitwa Kimya. Kitabu kinasema aliyejificha haonekani, na asiyeonekana halengwi. Basi Kimya ataishi ndani ya pipa, vita mpaka vita.

Chini yake kuna mistari mingine, nimeona neno moto. Nimefunga kitabu. Nassir asiuzoee mto ule.