Nimemzalisha Mjomba wa Mchumba

Jamani, leo nimeumbuka. Tena ukweni.

Mnajua mimi ni mkunga, zamu ya usiku. Hizi zamu zimenivuruga kichwa. Nalia bila sababu, nawanunia watu wasionikosea, mchana niko kitandani macho kodo. Mshauri wa hospitali akaniambia nifunike dirisha, nizime simu, nilale. (Hajui jirani yangu ana mashine ya kusaga.)

Leo nimetoka kazini, nimeoga, nikapanda bodaboda hadi Kinole. Shabani, mchumba wangu, ananipeleka kunitambulisha kwao. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Akikukataa, rudi kwenu. Nami nampenda Shabani, kwa hiyo njia nzima nilikuwa narudia salamu kichwani.

Nikaanza vizuri. Shikamoo kwa kila mtu, goti chini. (Mpaka kwa mdogo wake Shabani. Akaitikia, mjinga yule.) Tukala ndizi za nazi, nikakaa mkekani pembeni ya mjomba. Akaanza kuomba dua, ndefu kweli. Wote wakafumba macho, na mimi nikafumba. Wenzangu wakafumbua.

Dua ilipoisha mjomba akawa anajiinua. Magoti yake mabovu. Akaguna, "Aaah, mama yangu weee."

Nami usingizini nikamdaka goti. "Mama, usisukume! Njia bado haijafunguka. Panua miguu, pumua kwa mdomo."

Nikafumbua macho. Mjomba kanitolea macho, kanzu kaishika kwa mikono miwili. (Na kweli alikuwa anapumua kwa mdomo.) Shabani anaangalia dari.

Nikaangua kilio. Si cha aibu tu, cha miezi yote hii. "Nisameheni, silali. Kichwa changu hakiko sawa."

Mama yake Shabani, aliyezaa mara saba, alikuwa anacheka mpaka kanga imemdondoka. "Umelala lini mara ya mwisho, mwanangu?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Akaniingiza chumbani kwake, akashusha pazia, akafukuza kuku dirishani. Nimelala mpaka alasiri. Sikumbuki lini nilipata usingizi mtamu vile.

Naamka, kumbe mjomba kashaamua huku nakoroma. Kasema, "Mtu anayehudumia watu hata usingizini hatumwachi. Ila kwanza apumzike."

Mama akaniuliza harusi tunataka iwe mchana au usiku.

Usiku, mama. Mchana siwezi kuahidi kuwa macho.