Kapu Langu la Miguu Mitatu Lililotajwa Kwenye Maombi

Merigi,
21 Juni 1971

Kwa Bwana Msajili wa Uvumbuzi,
Nairobi.

Mheshimiwa Bwana,

Ninakusalimu katika jina la Yesu, na ninaomba uisome barua hii ukiwa umekaa, kwa sababu jambo lenyewe linahusu kukaa.

Mimi ni Drusilla Nyambeki, mama wa watoto saba, mkulima wa majani chai. Shule niliachia darasa la nne, lakini nilikuwa nakaa dawati la mbele. Mwezi wa tano Mungu alinipa kapu. Si lile la kawaida la kuchumia chai. Hili lina kibao chini kilichotokeza nje na miguu mitatu ya mkaratusi, imekunjwa na kufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukifika kituoni kungojea lori la majani, unavuta kamba, miguu inashuka, majani hayagusi matope, na wewe unakaa kwenye kibao kama mke wa chifu. Siku ya kwanza miguu ilishuka yenyewe katikati ya michai, nikabaki nimening'inia. Mume wangu akauliza kama nimeanza kunyakuliwa peke yangu.

Sasa, redioni nilimsikia wakili akieleza kwamba mtu akivumbua kitu, akamwambia mwenzake kwa siri, sheria inamlinda. Nikafurahi sana. Lakini Alhamisi ya wiki ijayo kapu langu linakwenda Maonyesho ya Ukulima huko Kericho likiwa na kadi iliyoandikwa KAZI YA KEPHER NYAMWEYA, SEREMALA. Ninataka jina langu kwenye ile kadi. Malalamiko ni haya:

1. Nilimwambia mtu mmoja tu, jirani yangu Elmina Chepkorir, ambaye tumezalishana na kuzikiana. Nilimwambia, "Elmina, hili ni lako na langu na Mungu." Akajibu, "Mama, mdomo wangu ni kaburi." Jumatano tarehe 9, kwenye maombi, kaburi likasimama likaomba: "Baba, bariki kapu la dada yetu, mguu wa nyuma inchi ishirini na nane, ile ya mbele ishirini na sita, na mpira ukatwe upana wa vidole viwili." Mheshimiwa, katika Biblia ni Mungu aliyempa Nuhu vipimo. Hakuna mahali Nuhu alimpa Mungu. Nilipomshika njiani, Elmina alisema hakumwambia mtu, alimwambia Mungu, na Mungu alikuwa kwenye hesabu yangu mwenyewe. Tukaenda kwake, tukanywa chai.

2. Kepher alikuwa benchi la nyuma. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, hilo sikatai, lakini penseli yake ilikuwa macho. Ijumaa alikata mti wa kwanza. Jumatatu makapu manne yalikuwa sokoni. Anajitetea kwamba yeye hakuambiwa siri yoyote, alisikia maombi tu kama Mkristo. Ninajibu: alisema Amina. Amina ni sahihi ya mdomo, na aliyeweka sahihi ameingia kwenye siri. Tulikuwa watu sitini na watatu. Ninaomba wote waandikwe kwenye faili lako kuwa watunza siri, na mchungaji awe wa kwanza, kwa sababu yeye alisema Amina mara mbili.

3. Kepher ameongeza mguu wa nne. Huo si uvumbuzi, hiyo ni meza. Huku kwetu ni mteremko. Miguu mitatu husimama popote, lakini minne hutikisika kama shahidi wa uongo.

4. Jumapili mchungaji alihubiri juu ya imani, tumaini na upendo, akasimamisha kapu mbele yetu awe na mfano. Kwa bahati mbaya lilikuwa la Kepher. Mguu mmoja ukabaki bila maana, watu wakaanza kunong'onezana huo ni nini. Mzee mmoja wa kanisa akasema ni sadaka. Sasa kuna waumini wanaoamini hivyo, na ni kosa la Kepher.

5. Kwa hiyo tazama tarehe. Habari za kapu zilifika mbinguni Jumatano, na Kepher alikata mti Ijumaa. Mbinguni ni ofisi kubwa kuliko yako, usiudhike. Ninaomba yale maombi yahesabiwe kuwa ndiyo kusajili kwangu, zile inchi ziwe mchoro, na Elmina awe tarishi wangu aliyefikisha. Ukikubali hivyo, Elmina hana kosa tena na lalamiko la kwanza ninalifuta, ila usimwambie bado. Niletee barua yenye muhuri kabla ya Alhamisi hiyo.

Nisalimie mkeo, makarani wako, yule anayefungua barua, na zaidi yule anayewachemshia chai, maana huenda majani ni yangu.

Ni mimi, mwenye kapu,
Drusilla Nyambeki

Nyongeza: Nikienda posta nimepita kituoni. Lori limechelewa na mvua inanyunya. Wanawake kumi na wanne wamekaa kwenye makapu ya Kepher. Chepkemoi, mwenye mimba ya miezi minane, ambaye kila siku alikuwa anangojea lori amesimama, leo amekaa, miguu inaning'inia, anacheka. Akaniita, "Mama Nyambeki, kuja ukae kwa kapu yako." Nikakaa. Wakaniuliza wazo lilinijiaje, na furaha ikanizidi, nikawaeleza la pili ambalo sijaliandika popote, la paa la kufunguka juu ya kapu. Basi kadi ya Kericho iandikwe jina lolote. Mimi siku hiyo sina nafasi ya kwenda kuisoma. Nitakuwa karakanani kwa Kepher tukijaribu paa, jambo ambalo nimepita kwake kumwambia yeye peke yake, kwa siri, pamoja na wale wanawake kumi na wanne.