Kamshafti Niliyoinakili Dirishani

Jumatatu, 7 Oktoba
Mwalimu Onoda ametangaza. Jumapili gari la klabu yetu linaingia mashindano ya kutumia petroli kidogo, na ndani yake itakaa kamshafti moja tu: yangu au ya Kanade. Kila mmoja achonge yake. Itakayoshinda itagongwa jina la mchongaji kwenye ncha. Itakayoshindwa itatundikwa msumarini juu ya sinki, imtazame kila anayenawa mikono. Mungu wangu!

Injini yenyewe si ya kawaida. Injini za watu zina mipigo minne. Yetu ina sita: ikishatoa moshi, inavuta hewa tupu na kuitoa tena, ipoe. Mwalimu aliibuni mwenyewe baada ya kustaafu kiwandani. Hakuna kamshafti ya dukani inayoifaa. Nundu za fimbo hiyo, zile zinazosukuma valvu zifunguke, lazima zipangwe upya kabisa.

Kanade Terada kajiunga Aprili. Mimi nina miaka miwili humu! Lakini Mwalimu anasema vidole vya Kanade vina macho. Vyangu hajawahi kusema vina nini.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimepeleka mfano wangu wa mbao. Mwalimu akauzungusha mkononi, akaniuliza mama anauhitaji saa ngapi. Sikuelewa. Akasema, kwani huu si wa kusukumia unga wa vitafunio vya gyoza? Karakana nzima ikaangua kicheko. Kanade hakucheka. Alinitazama kwa huruma. Bora angecheka!

Nyumbani mama kaniuliza kwa Kireno nina nini. Nikajibu kwa Kijapani kwamba sina kitu. Akauliza kwa Kijapani, nikajibu kwa Kireno. Ndiyo faida ya kusoma shule mbili, kwanza ya Kireno kisha ya Kijapani: unaweza kuficha jambo kwa lugha mbili. Akaniongezea maharage.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimepata njia! Kanade huchorea kwenye karatasi nyembamba, kisha huibandika kwa ndani kwenye kioo cha dirisha la karakana, mchoro ukitazama ndani, mwanga upenye, aone kasoro. Mchoro wake wa mwisho upo pale. Vipimo vya shafti ninavyo, wote tunavyo. Kilichonishinda ni pembe: nundu ipi ielekee wapi.

Saa moja asubuhi nilikuwa nje, nyuma ya karakana, kati ya mapipa ya vyuma chakavu. Kuingia ndani sikuthubutu. Je, kama ningemkuta Kanade? Ningesema nini? Nikaweka karatasi yangu juu ya kioo, nikaufuata kila mstari. Jua lilinipiga machoni. Si wizi huu. Mwizi huchukua kitu, na mimi karatasi yake nimeiacha palepale.

Pembeni mwa mchoro kulikuwa na maneno mawili. Sikuyajua. Tangu nihamie shule ya Kijapani nina kanuni moja: nikikutana na herufi nisiyoijua, naitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikaliitikia dirisha.

Ijumaa, 11 Oktoba
Siku mbili kwenye mashine ya kusaga. Nundu zangu zinang'aa mpaka najiona pua. Kanade kapita, kasimama, kaniuliza nimetumia jiwe gani la kunolea. Nikaitikia kwa kichwa. Akaliangalia jiwe mwenyewe, akaenda zake. Mpelelezi!

Jina langu nimeshaligonga kwenye ncha. HEITOR. Kwa nini kusubiri? Mwalimu kaliona, kaguna tu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Siitaki siku hii. Naiandika ili iishe.

Yangu ilijaribiwa kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mkongwe. Nilidai hivyo mwenyewe! Mwalimu akainama karibu na kabureta, petroli inapochanganyika na hewa, asikilize. Nikavuta kamba ya kuwashia. Injini ikakohoa, na kabureta ikamtemea Mwalimu petroli usoni. Nikavuta tena kwa kiwewe. Ikamtemea tena. Huku nyuma ekzosi, lile bomba la moshi, badala ya kupuliza, ilikuwa inavuta! Taulo la Mwalimu lililokuwa linaning'inia karibu likafyonzwa mdomoni mwa bomba.

Mwalimu akafuta miwani polepole. Akasema miaka hamsini yupo na injini, hajapata kuona inayokula kwa nyuma na kutapika kwa mbele.

Kanade akaifungua injini, akalaza kamshafti yangu kando ya yake. Ndugu pacha, ila zinatazamana kama mtu na kioo. Kila nundu yake iliyoelekea kulia, yangu imeelekea kushoto. Akanitazama. Akalitazama dirisha. Akanitazama tena.

Amejua! Masikio yakaniwaka moto. Nikangoja anishtaki kwa Mwalimu.

Badala yake alisema nundu zangu ni laini kuliko zake, kwamba yeye hajawahi kufikia ulaini ule. Kisha akasema, "Hebu tuizungushe kinyume, Mwalimu." Akarudisha yangu, akarekebisha cheche, akaifunga kamba upande wa pili, akavuta.

Ikawaka! Mipigo sita, tamu kama wimbo. Kamshafti yangu, na bado yeye ndiye aliyeiwasha. Roho iliniuma.

Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema ni kamshafti safi mno, kwa yeyote anayekwenda mashindanoni kinyumenyume. Akaitundika msumarini, jina likielekea nje. Akaniambia nisiwe na kinyongo, jirani yake pale ukutani ni kamshafti ya kwanza aliyoichonga yeye mwenyewe. Nikaangalia. Msumari wake ni mkubwa kuliko wangu.

Jumapili, 13 Oktoba
Nafasi ya tatu kati ya timu thelathini na moja. Injini haikukohoa hata mara moja. Nilisukuma gari mpaka mstarini. Kila mtu anaweza kusukuma.

Kanade kapewa kipaza sauti. Kasema kamshafti yake ilisagwa upya jana jioni kwa jiwe langu na kwa mikono yangu, maana nilikubali kumsaidia. Kweli nilimsaidia. Aliniomba, nikaitikia kwa kichwa kabla sijasikia swali. Halafu akanitaja jina. Si Eitoru, kama wanavyoniita wote. Alilitamka kama mama anavyolitamka.

Watu wakapiga makofi. Nikajificha nyuma ya gari. Nimemwelewa. Anajifunza Kireno ili hata kwa hicho anipite!

Jumatano, 16 Oktoba
Mwalimu anataka kamshafti mpya, yenye nundu ndefu zaidi. Tuichonge mimi na Kanade, pamoja. Pamoja! Yaani yeye aisanifu, mimi niwe jiwe lake la kunolea.

Saa moja asubuhi nimerudi kwenye mapipa. Karatasi mpya ipo kiooni. Safari hii maneno ya pembeni nimeyasoma bila shida kutoka huku nje, herufi kubwa, tena kwa Kireno: "Heitor, ingia. Mlango uko wazi. Chai ipo."

Hila! Anataka kunitoa dirishani kabla sijamaliza. Nikainakili haraka zaidi.

Kosa la mara ile nimeshaligundua: jua lilikuwa machoni. Leo kuna mawingu.