Mtaalamu wa Haiba Agawa Mji

Valerian alikwenda saluni kuchaji simu tu. Riziki ndiyo iliyomfuata kwenye kiti.

Ilikuwa mtaani Kambarage, asubuhi. Chini ya mashine za kukaushia nywele walikaa akina mama wawili wakibishana kuhusu shule za Montessori, zile chekechea ambazo mtoto hujifunza kwa vitendo. Dorah, muuza vitenge, alikuwa na hofu na Amosi wake. Mtoto huyo ni mpole mno, eti akipelekwa Montessori ya watoto wachangamfu watamkanyaga. Mwenzake akasema kwake ni kinyume: Juliana akipelekwa kwa wapole, atawakanyaga yeye.

"Sasa mtu atajuaje shule ipi inamfaa mtoto gani?" Dorah akauliza.

Swali lilikuwa la haki kabisa, wajukuu zangu. Kasoro yake ni aliyelisikia.

Valerian alichomoa simu ikiwa na chaji ya kupiga mara moja, akasimama, akanyoosha kola kwa vidole vyenye madoa ya rangi.

"Shikamooni, mama zangu," alisema, ingawa Dorah alimzidi miaka miwili tu. "Mimi ni mtaalamu wa haiba."

"Wa nini?"

"Haiba. Mtoto alivyoumbwa kwa ndani. Nampima, kisha namtafutia Montessori yake, kama vile mnavyopima mguu kabla ya kununua kiatu."

Akina mama walitazamana. Kiatu walikielewa.

Na Montessori aliijulia wapi? Alikuwa fundi rangi kwa wiki mbili katika shule ya chekechea ya masista, upande wa Geita. Walimfukuza kwa kuzimua rangi na maji, hata ukuta ukaonekana umepakwa uji. Lakini kwa wiki hizo mbili alichungulia dirishani. Aliona watoto wakichambua dengu na choroko, wakilinganisha kadi za majina, na kila kitu kikirudishwa mahali pake. Alimsikia sista akinong'ona kwamba mtoto akiwa kazini hasumbuliwi. Basi, elimu ikamtosha.

Alikodi kibaraza jirani na mashine ya kukoboa mpunga, akatandika mkeka, akapanga sinia, na ukutani akabandika herufi alizokata kwenye maboksi: MTAALAMU WA HAIBA. Shule alikuwa nazo tatu, zote kichwani mwake: ya wapole, ya watundu na ya wenye mawazo mengi. Kila mzazi aliinamiwa sikioni, akaambiwa mtoto wake ni wa haiba adimu, na haiba adimu ina nafasi moja tu iliyobaki. Nafasi ilishikwa kwa bahasha, jina la mtoto limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Wengine walitia noti. Wenye ndugu machimboni walitia punje ya dhahabu kwenye karatasi. Bahasha zote zililala ndani ya begi jeusi.

Alhamisi begi likawa limeshiba. Valerian alikuwa anavuta zipu, mawazo yake yakiwa kwenye basi la Mwanza, bibi mmoja alipopanda kibarazani.

"Mwangaluka, mwalimu wa kuiba," alisalimu kwa Kisukuma.

"Haiba, bibi! Ha-i-ba. Shikamoo."

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu, masikio yangu ya zamani. Yanakata maneno kichwa." Aliketi. "Mimi ni Martina. Dorah amenisifia kazi yako. Nina mjukuu, Limi. Na baba yake, Mayala, ana duara lake la dhahabu, machimboni Rwamgasa."

Akafungua pindo la kanga. Ndani palikuwa na kipande cha dhahabu kinene kama punje ya karanga. Akalifunga tena, na macho ya Valerian yakabaki ndani ya fundo.

"Huyo mtoto ana haiba adimu," alisema.

"Hujamwona."

"Nimeisikia sauti yako, bibi. Haiba inarithiwa."

"Kumbe! Basi kwanza kitendawili."

"Tega."

"Nina kuku wangu, hatulii mpaka kila yai lirudi kiotani mwake."

"Benki," Valerian akajibu upesi, maana akili yake ilikuwa kwenye fundo.

Bibi Martina alicheka hata kanga ikamshuka. "Umekosa! Nipe mji."

"Chukua Kambarage. Yote, na saluni zake."

Aliutoa mji kwa ukarimu, kama alivyozoea kutoa kila kisicho chake.

"Nimepokea," alisema Bibi Martina. "Jibu utalipata Jumamosi, nikimleta Limi. Ila waite na wazazi wenzangu na watoto wao. Mimi sipeleki mjukuu shule ambayo simjui hata mama mmoja wa watoto wake."

Mwenye busara angepanda basi siku ile ile. Valerian aliitazama karanga ile ndani ya kanga, akaahirisha safari.

Jumamosi kibaraza kilijaa. Watoto walikaa mstari mmoja, kila mmoja na kadi ya jina lake kifuani, maana Valerian alipenda mambo yapendeze. Baba Juliana, Januari mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuja na fimbo yake ya mnadani. Mwisho akaingia Bibi Martina, amemshika mkono msichana wa miaka sita, soksi zimevutwa hadi magotini.

"Shikamoo, fundi rangi," alisema Limi.

Valerian akakohoa. "Mnaona? Mawazo mengi! Marahaba, mwanangu." Wazazi wakacheka.

Alipanda kwenye stuli. "Ndugu wazazi, sheria kuu ya Montessori ni moja. Mtoto akiwa kazini, hasumbuliwi! Si na mzazi, si na mwalimu, hata mvua inyeshe. Anayemsumbua anaiharibu haiba moja kwa moja!"

"Anaiharibu!" wakaitikia.

Januari akailaza fimbo mapajani. "Atakayemgusa mtoto tutaonana."

Bibi Martina alifungua pindo, akampa Valerian dhahabu mbele ya watu wote. Aliidumbukiza begini upesi, lakini begi lilikuwa limeshiba mno, zipu ikagoma. Kona ya bahasha moja ikabaki inachungulia nje.

Limi alichambua dengu na choroko, akarudisha sinia. Akamimina maji, akafuta tone lililodondoka, akarudisha jagi. Kisha akaiona ile kona ya bahasha. Alilitazama begi kama mama anavyotazama kitanda kisichotandikwa. Akalivuta mpaka katikati ya mkeka.

"Limi, hilo siyo la..." Valerian aliteremka.

"Shii!" Fimbo ya Januari ilikuwa imeshafika kifuani pake. "Mwalimu, mtoto yuko kazini."

"Ndiyo, lakini begi..."

"Utaharibu haiba!" akasema Dorah.

Limi alitoa bahasha ya kwanza, akaisoma kwa kidole. "A-mo-si." Akapita kwenye mstari, akaangalia kadi moja moja, akampata. Akaibeba kwa mikono miwili kama glasi iliyojaa, akamwekea mapajani.

"Hee! Kumbe anasoma!" Dorah akapiga makofi. "Mwalimu, na hiki ni kipimo?"

Valerian angesema nini? Akikataza, anavunja sheria yake mwenyewe. Akieleza, anavunjika yeye.

"Ni kipimo cha mwisho," alisema, jasho likimteremka kidevuni.

Bahasha ya Juliana ikaenda kwa Juliana, ya Maduhu kwa Maduhu, na kila iliyoondoka ilisindikizwa na makofi na jicho la Valerian. Begi lilikonda mbele yake. Chini kabisa Limi alikuta dhahabu. Akaigeuza, akaenda kwa bibi yake, akaifunga penye pindo, fundo mara mbili.

Lakini bado hakutulia. Alikuwa anatazama ukutani. Tangu Alhamisi bibi yake alikuwa akimtaja mwalimu kwa jina moja tu, na jina lile halikufanana na lililobandikwa pale. Akachukua boksi la herufi zilizobaki, akapanda stuli, akabandua H na A, akaweka nyingine mbili. Akashuka kutazama.

MTAALAMU WA KUIBA.

Januari aliyasoma maneno yale kwa midomo, polepole. Akaitazama bahasha mkononi mwa Juliana, akamtazama Valerian, akayasoma tena.

"Mwalimu," Dorah akauliza, sauti imebadilika, "hiyo shule ya wapole iko mtaa gani?"

Valerian alishaokota begi lake, jepesi kama boksi la viatu, na mguu mmoja ulikuwa kwenye ngazi.

"Hujachukua jibu lako, mwanangu," Bibi Martina akamwita. "Yule kuku ni Limi. Huu ni mwaka wake wa tatu kwa masista. Ukuta ulioupaka uji ni wa darasa lao. Nyumbani kwangu hata kijiko cha jirani hakilali. Dorah aliponisimulia kuhusu mtaalamu mwenye mikono ya rangi, nikasema ngoja nimpeleke kuku wangu akaone mayai."

Valerian akashusha mguu wa pili kwenye ngazi.

"Na ule mji ulionipa, ulikuwa upi?"

"Kambarage, bibi."

"Basi ni wangu. Nakuomba utoke mjini mwangu."

Alitoka, kwanza kwa heshima, halafu kwa mbio. Limi alikuwa anakunja mkeka. Aliinua kichwa, akaliona shati la fundi rangi likipotea nyuma ya mashine ya mpunga, akakunja uso.

"Bibi, na yeye mahali pake ni wapi?"

"Usihangaike, mama," alisema Bibi Martina, akimtazama Januari aliyeshuka ngazi kwa pupa, fimbo begani. "Baba Juliana anakwenda kumrudisha."