Serva Isiyoanguka ya Kalemie

Muheshimiwa Mwakilishi wa Mukubwa aliyepatwa na dharura, Musaidizi wa Mwakilishi, wazee wa bandari na wa reli, Papa pasteri, wamama wa soko, wamotari wa pikipiki, na wewe uliyepanda juu ya ukuta, shuka: protokole yote imeheshimiwa! (Makofi.)

Mimi Barthélemy, Direkta na Koordonateri wa Kudumu wa Programu za Jimbo, niliyeahidi, nikaahidi tena, leo ninawaletea serva hii chini ya kitenge, munaisikia inavyounguruma, itakayochunga vershoni zote za kazi za watoto wetu wanaoandika programu: ya jana, ya juzi, hata ile uliyoharibu leo asubuhi, ili ukikosea urudi nyuma bila kulia. (Vigelegele.)

Mutaniuliza: Papa Direkta, na adui wa serva je? Wapendwa, adui wa siku hizi haibi kitu! Anatuma ombi moja la ujanja, mashini masikini inatafuta jibu, inatafuta, inachoka, inakwama, na wenye haki yao wote wanabaki inje. Adui huyo njo kama muntu anayeshika dirisha la biro na maneno yasiyoisha, na foleni nyuma yake inaungua na jua. (Sauti: “Njo wewe mwenyewe, Papa Direkta!” Kicheko kirefu.) Asante kwa mchango. Serva za ngambo zinaangushwa hivyo. Yetu? Tangu niiahidi haijaanguka hata mara moja! Asilimia mia! (Filimbi.)

Demonstrasio! Falone, binti ya Mama Kapinga, njoo. Ameandika programu ya kujulisha wasafiri meli ya Kigoma itatoka lini, na leo saa kumi konkuru, mashindano ya programu, inafungwa. (Falone: “Papa, flashi hii njo kopi moja tu niliyo nayo, ordinatere yangu ya kuandikia imekufa!”) Usiogope, mama, leta. (Direkta anapokea flashi, anaiingiza chini ya kitenge. Moshi wa baridi unatoka.) Mumeona? Baridi ya kiufundi!

Kalemie oyee! (“Oyee!”) Serva yetu? (“Haianguki!”) Adui? (“Alale njaa!”)

Namaliza kwa kumushukuru Mama Angélique, muuza samaki wa mikebuka, aliyetuazima frigo yake kwa sherehe hii. Mama, ukiwatoa samaki, polepole, kazi ya Falone imelala kati yao. Serva yenyewe tuliacha kuinunua kwa sababu za usalama: isiyokuwapo, nani ataiangusha? (Falone, kichwa ndani ya frigo: “Papa, saa kumi imepita ukiongea!”) Eeh! Basi mujivune, wananchi: kazi ya mutoto wetu imekwamishwa hapa hapa Kalemie, na sisi wenyewe, bila musaada wa adui yeyote. Asanteni sana!